Maswali ya Wasomaji: Kuishi na MS na Kazi ya Fiziotherapia

Barua zote tunazozijibu mwezi huu zinahusu ugonjwa mmoja, maltipo sklerosisi, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, MS. Wengi hapa Nairobi huusikia kwa mara ya kwanza siku ile daktari anapowaambia kwamba wanaugua ugonjwa huo. Majibu yametolewa na mtaalamu wetu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mwili kwa mazoezi. Barua tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyaacha.

Binti yangu ana umri wa miaka 27. Mwaka jana jicho lake la kulia liliingia ukungu kwa wiki kadhaa, kisha likapona lenyewe. Mwaka huu akafa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Tumeambiwa ni mgongo, tukaambiwa ni mawazo, hadi alipopigwa picha ya MRI ndipo tukaambiwa ni MS. Shangazi zake wanasema ametupiwa kitu, kwa maana ni ugonjwa gani huja, ukaenda, kisha ukarudi? Nieleze kwa lugha ya mtu asiye daktari. Je, ataishia kitandani? — Mama wa binti, Umoja

Mama, pole kwa kuzungushwa kote huko. Wagonjwa wengi ninaowahudumia walipitia njia hiyo hiyo kabla ya kujua wanaumwa nini.

MS ni ugonjwa wa ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Nyuzi za neva katika sehemu hizo zimefunikwa kwa utando wenye mafuta uitwao mayelini, na utando huo ndio unaowezesha taarifa kusafiri kwa kasi kutoka ubongoni hadi mguuni na kurudi. Kwa mgonjwa wa MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huugeukia utando huo na kuushambulia, na pale ulipoharibiwa hubaki kovu. Kwa kuwa makovu hayo hutokea hapa na pale, mgonjwa mmoja hulalamika kuhusu jicho, wa pili kuhusu mguu, na wa tatu kuhusu kibofu au kizunguzungu. Ugonjwa wenyewe si mgeni duniani. Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, aliueleza mwaka 1868 kwa kuzilinganisha dalili alizoziona kwa wagonjwa wakiwa hai na makovu yaliyoonekana katika ubongo na uti wa mgongo wao baada ya kufariki.

Swali la shangazi ni la haki, na lina jibu. Shambulio linapotokea, sehemu ya neva huvimba na taarifa hukwama. Baada ya siku au wiki kadhaa uvimbe hupungua, mayelini hujijenga upya kwa kiasi fulani, na ubongo hutafuta njia nyingine za kufikisha ujumbe, hivyo jicho huona tena. Takriban asilimia 85 ya wagonjwa huanza kwa mtindo huu wa kushambuliwa na kupata nafuu. Waliobaki huanza kudhoofika polepole bila mashambulio yanayoonekana. Nafuu hiyo ndiyo inayowapotosha watu wengi, kwa maana mtu akipona wiki ile ile aliyokwenda kuombewa au kuchanjwa dawa, sifa humwendea aliyemshughulikia mwisho.

Chanzo chake hakijulikani kikamilifu, ila kuna mengi yaliyokwisha kubainika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia kumbukumbu za afya za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, ulionyesha kwamba hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Hata hivyo, virusi hivyo vimo miilini mwa karibu watu wazima wote duniani, na ni wachache sana wanaopata MS, kwa hiyo ni lazima pawe na mambo mengine yanayochangia, yakiwemo urithi kwa kiasi fulani, upungufu wa vitamini D, uvutaji wa sigara na unene wa kupita kiasi wakati wa ujana. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 20 na 40, kama binti yako. Hauambukizwi, kwa hiyo msimtengee vikombe.

Kuna jambo moja ningependa mlifuatilie kwa daktari wa neva. MS ni nadra zaidi katika nchi zilizo karibu na ikweta, ndiyo maana madaktari wetu huanza kwa kutafuta kifua kikuu cha mgongo, virusi vya Ukimwi, kaswende au upungufu wa vitamini B12, na wanafanya vyema. Lakini upo ugonjwa mwingine unaofanana nao, nyuromielitisi optika, ambao hushambulia hasa macho na uti wa mgongo, na ambao kwa kulinganisha hutokea zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Hupimwa kwa damu, kwa kutafuta kingamwili dhidi ya protini iitwayo akwaporini 4. Dawa zake ni tofauti, na baadhi ya dawa za MS huweza kuuzidisha. Kwa kuwa binti yako aliugua jicho kisha uti wa mgongo, muulizeni daktari kwa adabu kama kipimo hicho kimefanywa.

Kuhusu kitanda, hakuna mtu mkweli atakayekuahidi lolote, kwa kuwa mwendo wa MS hautabiriki. Baadhi ya wagonjwa hufikia kutumia kiti cha magurudumu, na wengi huendelea kutembea, kufanya kazi na kulea watoto kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni dawa. Kabla ya mwaka 1993, interferoni beta ilipoidhinishwa Marekani, hapakuwa na dawa yoyote iliyoidhinishwa ya kupunguza mashambulio, lakini leo zipo nyingi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu, yaani kladribini, glatirameri na rituksimabu, katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Rituksimabu hutumika pia kwa baadhi ya saratani za damu, kwa hiyo si jina geni katika hospitali zetu kubwa. Anzeni mapema, maana dawa hizo huzuia madhara yajayo, na yaliyokwisha kutokea hazina uwezo wa kuyafuta.

Mimi ni mpishi katika hoteli moja katikati ya jiji na nina MS kwa mwaka wa tatu sasa. Nikisimama mbele ya jiko kwa muda, mguu wa kushoto huwa mzito na macho hufifia. Nikitoka nje nikapigwa na upepo, hali hurudi kuwa ya kawaida. Kila mara nadhani nimeshambuliwa upya na hukimbilia hospitali. Je, najiharibu? — Mpishi, Kasarani

Ndugu yangu, hujiharibu kwa namna unayoiogopa. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliona jambo hili mwaka 1890 kwa wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya kujichosha, na hadi leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Neva iliyopoteza mayelini hufanya kazi kwa taabu, na joto la mwili likipanda hata kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja ya selsiasi, taarifa hushindwa kupita. Mwili ukipoa, hupita tena. Hakuna kovu jipya.

Shambulio la kweli lina kipimo chake. Ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi waziwazi, inayodumu kwa saa 24 au zaidi bila homa wala maambukizo. Ikitimiza masharti hayo, nenda hospitali, kwa kuwa daktari anaweza kukupa methiliprednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa dripu kwa siku chache ili kuharakisha nafuu. Yale yanayoisha ukikaa kivulini hayahitaji dripu. Zingatia pia neno homa. Ukisafiri Kisumu au Pwani ukarudi na malaria, miguu inaweza kulegea kabisa kwa sababu ya joto la homa lenyewe, na hapo kinachopaswa kutibiwa haraka ni malaria.

Kazini, omba upangiwe upande wa saladi na matayarisho ya baridi katika saa zile ambazo majiko yote yanawaka. Kunywa maji baridi kabla ya zamu na wakati wa zamu, na vaa kitambaa chenye maji shingoni. Oga maji ya uvuguvugu. Mazoezi yako yafanye alfajiri, na katika hili Nairobi inatupendelea, kwa kuwa mwinuko wake hutupatia asubuhi za ubaridi ambazo wenzetu wa Mombasa hawana. Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako si neva, ni mafuta yanayochemka jikoni. Mpishi ambaye mguu wake unaweza kulegea na macho yakafifia kwa wakati mmoja asibebe sufuria la moto peke yake. Mwambie mkuu wa jikoni, hata kama hutaki kumtajia jina la ugonjwa.

Mke wangu aligunduliwa kuwa na MS mwaka jana. Nimemwajiria msichana wa kazi na sikubali afanye lolote, hata chai haipiki yeye. Mama mkwe pia anasisitiza apumzike. Daktari amemwandikia fiziotherapia mara mbili kwa wiki, nami naona ni kumtesa mtu ambaye tayari amechoka. Jambo linalonishangaza ni kwamba picha ya MRI ya majuzi haikuonyesha kitu kipya, lakini yeye anazidi kuwa dhaifu. — Mume, Kayole

Ndugu yangu, mapenzi yako kwa mkeo yanaonekana katika kila mstari wa barua yako, lakini namna unavyomtunza ndiyo huenda inayomdhoofisha. Umeliandika jibu mwenyewe bila kujua, kwamba picha haina kitu kipya na nguvu zinapungua. Daktari akishahakikisha kwamba hakuna upungufu wa damu, tatizo la tezi ya shingo au maambukizo, kinachobaki mara nyingi ni misuli iliyokaa bila kazi. Paja lisilobeba uzito hupungua, moyo usiohimizwa hulegea, na mtu huyo akisimama kwenda msalani huchoka kwelikweli. Familia ikiona amechoka humwambia alale tena. Hivyo MS hulaumiwa kwa udhaifu ambao sehemu yake imeletwa na kitanda.

Usijilaumu sana, kwa maana kwa miaka mingi hata madaktari waliwashauri wagonjwa wa MS wajiepushe na mazoezi wakihofia kuamsha mashambulio. Mawazo yalianza kugeuka baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, uliochapishwa mwaka 1996, ambapo wagonjwa waliofanya mazoezi ya pumzi, yaani yale yanayoharakisha moyo na pumzi, kwa wiki 15 walipata nguvu zaidi, na hali yao ya moyo na mawazo ikawa bora, kuliko wenzao ambao hawakufanya. Tafiti nyingi zimefuata, na hazijaonyesha kwamba mazoezi huongeza mashambulio. Mwaka 2013 wataalamu wa Kanada walitoa mwongozo kwa watu wazima wenye MS ya kiasi kidogo au cha wastani: mazoezi ya pumzi ya nguvu ya wastani kwa dakika 30, mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa mara mbili kwa wiki. Daktari wenu hakubahatisha alipoandika mara mbili.

Siku ya kwanza mtaalamu hatamkimbiza mtu. Atamwangalia anavyoingia mlangoni, atampima muda anaochukua kutembea mita saba na nusu hivi, au umbali anaofika kwa dakika sita, na atamsimamisha kwa namna mbalimbali ili aone ni wapi anayumba. Vipimo hivi vitarudiwa baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo viombeni kwa maandishi, maana mgonjwa anayejihisi hajasonga mbele hutiwa moyo na namba kuliko na maneno. Kisha ataulizwa anataka nini. Wengine hutaka kwenda kanisani kwa miguu, wengine hutaka kumwogesha mtoto bila kuketi. Jibu hilo ndilo litakaloongoza mazoezi. Hakikisheni pia kwamba mtaalamu amesajiliwa na baraza la wataalamu wa fiziotherapia la Kenya, kwa maana vibao vya kukanda mgongo vimejaa barabarani na si kila aliyekitundika amesomea neva.

Niruhusu nieleze zoezi moja kwa kina, kwa kuwa unaweza kumsimamia nyumbani kama mtaalamu wake hatapinga. Chukua kiti imara cha mbao, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Mkeo asogee hadi ukingoni mwa kiti, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele hadi pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu kwa miguu yote miwili na kusimama. Kazi kubwa iko katika kuketi. Ashuke akihesabu hadi nne, asijibwage. Afanye mara tano, apumzike dakika moja au mbili, kisha arudie. Wagonjwa wengi huusogeza mbele mguu ulio dhaifu bila kujua na kuinuka kwa mguu mmoja tu, kwa hiyo wewe tazama nyayo zake, uso wake uuache. Zoezi hili lina thamani kwa sababu ndilo tendo lenyewe la kutoka kitandani, kiti cha choo na kiti cha matatu.

Zaidi ya hilo, atahitaji kunyoosha misuli inayokaza, hasa ya nyuma ya mguu, akiishikilia polepole kwa sekunde 30 hadi 60. Misuli iliyokazwa na MS ikivutwa kwa ghafla hujibu kwa kukaza zaidi, ndiyo maana wale vijana wa mazoezi wanaomvuta mtu kwa nguvu hawamfai. Ikiwa ukakamavu ni mkali, daktari anaweza kuongeza dawa ya kulegeza misuli kama baklofeni, ila kipimo chake kinahitaji uangalifu, kwa sababu baadhi ya wagonjwa husimama kwa msaada wa ukakamavu huo huo, na ukiondolewa wote magoti hukunjika. Atahitaji pia mazoezi ya kutoyumba, akisimama kwenye pembe ya kuta mbili huku kiti kikiwa mbele yake, kwanza miguu ikiwa imeachana, baadaye ikiwa imekaribiana.

Sasa tuzungumzie uchovu, kwa sababu hapo una hoja. Uchovu wa MS si uvivu, wala si ule wa kawaida unaoisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Mkeo ni kama kibarua anayelipwa kila asubuhi kiasi kidogo cha pesa: akizitumia zote kwa kufua nguo kabla ya saa tatu, jioni hana nauli. Kwa hiyo apange. Kazi nzito aifanye asubuhi, apumzike kabla ya kuchoka, na siku ya fiziotherapia isiwe siku ya kwenda sokoni. Mazoezi yagawanywe vipande vifupi vyenye mapumziko. Kipimo chake ni rahisi: ikiwa saa mbili baada ya mazoezi bado amechoka kuliko alivyokuwa kabla hajaanza, yalikuwa mengi, na mara ijayo yapunguzwe bila kuachwa. Akishambuliwa upya, asimamishe mazoezi mazito, atibiwe, kisha aanze tena taratibu kwa maelekezo ya mtaalamu.

Msichana wa kazi mbakize, ila chai mrudishie mkeo. Akae kwenye kiti kirefu jikoni, akate kitunguu, asimame kuchukua kikombe, aketi tena. Na usimlete kliniki ukamsubiri nje ukiangalia simu. Ingia ndani uone anachofanya, kwa sababu siku nyingine zote za wiki mtaalamu hayupo, uko wewe.

Je, kukandwa kwa mafuta ya moto kunaweza kuiponya miguu ya mgonjwa wa MS? — Msomaji, Eastleigh

Hapana. Kukandwa polepole hutuliza na kunaweza kupunguza mkazo kwa muda, na simnyimi mtu raha hiyo. Lakini hakuongezi nguvu wala hakurudishi mayelini. Mafuta ya moto nayakataa kabisa, kwa sababu mguu uliokufa ganzi haumwambii mwenyewe kwamba unaungua.

Mimi ni mwalimu. Mguu wangu wa kulia umeanza kuburura, na nimeanguka mara mbili kwenye ngazi za shule. Mtaalamu alinishauri nitumie fimbo lakini nina umri wa miaka 38 na naona haya. Tayari kuna wazazi walionong'ona kwamba mwalimu huja kazini amelewa. — Mwalimu, Lang'ata

Mwalimu, hebu geuza kiatu chako cha kulia utazame chini. Naweza kukisia kwamba soli imelika mbele, kwenye ncha ya vidole, hali ile ya kushoto imelika kisiginoni kama ya watu wengine. Hiyo ni ishara kwamba misuli inayoinua sehemu ya mbele ya wayo imedhoofika, kwa hiyo kila ukipiga hatua vidole vinakwaruza sakafu, na mwisho wa siku, ukiwa umechoka, vinakwaruza zaidi. Ndiyo maana watu wenye tatizo hili huanguka mchana au jioni wakati asubuhi walitembea vizuri. Yaandike maanguko yako: saa ngapi, wapi, ulikuwa umebeba nini. Mtaalamu wako atajifunza mengi kutoka kwenye daftari hilo.

Upo msaada zaidi ya fimbo. Kuna kifaa cha plastiki kinachotengenezwa na mafundi wa viungo bandia, huvaliwa ndani ya kiatu na kupanda nyuma ya mguu, nacho huuzuia wayo usining'inie. Kinavalika chini ya suruali au sketi ndefu bila kuonekana, ila itabidi ununue viatu vipana kidogo. Kipo pia kifaa cha umeme kinachoisisimua neva iliyo chini ya goti ili wayo uinuke kila unapopiga hatua. Ni cha bei na si kila kliniki inacho. Pamoja na vifaa hivyo, mazoezi ya kifundo na ya nyonga yaendelee, maana nyonga dhaifu hufanya kazi ya kuinua mguu kuwa ngumu maradufu.

Fimbo yenyewe ishike kwa mkono wa kushoto, yaani upande usio na mguu dhaifu, nayo isonge mbele pamoja na mguu wa kulia. Wengi huishika upande wa mguu mbovu na kuuinamia, na hivyo huzidi kuyumba. Urefu wake upime hivi: ukisimama wima mikono ikining'inia, kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Mpira wa chini ukilika, ubadilishe. Kwenye ngazi, shika reli. Unapopanda, mguu wenye nguvu hutangulia. Unaposhuka, fimbo na mguu dhaifu hutangulia. Omba madarasa yako yawe ghorofa ya chini. Mwalimu mkuu anaweza kulipanga hilo kwa kubadilisha ratiba tu. Kwenye matatu usikubali kuharakishwa na makanga. Mwambie kabla ya kufika steji kwamba unashuka polepole, na gari lisimame kabisa.

Kuhusu haya, nitasema ninavyoona. Mtu anayeyumba bila fimbo hufikiriwa amelewa, na anayetembea na fimbo hupishwa njia. Mnong'ono wa wazazi utaisha siku ile watakapoiona mkononi mwako. Unaweza pia kujisajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kufanyiwa tathmini ya kimatibabu, na usajili huo ndio mlango wa kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Hakuna sharti kwamba uwe kwenye kiti cha magurudumu.

Nasafiri kutoka Rongai hadi mjini kila siku. Kwa sababu ya MS, haja ndogo hunijia ghafla na siwezi kuizuia, na msongamano wa magari unaweza kuchukua saa mbili. Nimeacha kunywa maji hadi nifike nyumbani jioni. Hivi karibuni miguu imeanza kukaza usiku. Je, ugonjwa unaenea? — Karani, Rongai

Dada, kabla ya kuufikiria ugonjwa, pima mkojo. Mtu asiyekunywa maji mchana kutwa hupata mkojo mzito unaokichokoza kibofu, hupata maambukizo kwa urahisi, na hupata choo kigumu. Yote matatu huamsha ukakamavu wa miguu kwa mgonjwa wa MS, hata pasipo homa wala maumivu ya kukojoa. Nimewaona watu waliopandishiwa baklofeni kumbe walihitaji kutibiwa maambukizo ya mkojo.

Rudisha maji, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, ila uyapange: kunywa vizuri ukishafika ofisini, punguza saa moja au mbili kabla ya safari. Kinachopaswa kupunguzwa zaidi ni chai na kahawa, na najua ninavyomwambia nani, kwa maana karani wa Nairobi bila chai ya saa nne ni nadra. Nenda haja kwa saa ulizopanga, hata kama hujabanwa, kisha uongeze muda kati ya safari moja na nyingine kidogo kidogo.

Mwone pia mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia misuli ya sakafu ya nyonga. Utafundishwa kuikaza misuli ile ambayo ungeitumia kuzuia upepo wa tumboni usitoke, kuishikilia kwa sekunde chache huku ukipumua, kisha kuiachilia kabisa, na pia kuikaza haraka mara kadhaa pale haja inapokujia ghafla kwenye gari. Matokeo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi mitatu. Lakini kabla ya kuanza, omba ufanyiwe kipimo cha ultrasaundi mara tu baada ya kukojoa ili ionekane kama kibofu hubaki na mkojo. Kwa baadhi ya wagonjwa wa MS tatizo ni kwamba kibofu hakitoi mkojo wote, na huyo hutibiwa kwa njia tofauti na yule ambaye kibofu chake hujikaza mapema. Dawa za kutuliza kibofu zinazouzwa dukani usizinunue hadi kipimo hicho kifanyike, kwa sababu zinaweza kukufungia mkojo kabisa.